Mishono Mitatu Iliyoruka

Asubuhi hiyo Kibonge aliamka macho yamegandana kama bahasha iliyotiwa gundi. Mama yake alichovya pamba katika maji ya uvuguvugu, akamfuta taratibu kuanzia pembeni mwa pua kwenda nje, mpaka kope za kulia zikaachiana na jicho jekundu likachungulia. La kushoto likafuata. Mtoto alimkazia mama yake macho hayo mawili, akapiga chafya, kisha akacheka.

"Cheka tu," mama akamwambia. "Wewe huna msimamizi."

Hii ilikuwa mara ya saba tangu mtoto aanze kupelekwa katika kituo cha kulelea watoto, miezi mitatu na nusu iliyopita. Yalianza mafua. Mafua yakampisha kikohozi. Kikohozi hakijaaga vizuri, kuharisha kukabisha hodi. Likaja sikio, vikaja vidonda vya mdomoni, yakarudi mafua yaleyale kana kwamba yalisahau kitu. Jina la Kibonge alipewa na baba yake akiwa na miezi mitatu, kwa ajili ya mashavu yaliyomtangulia kila alipoingizwa mlangoni. Sasa, akiwa na mwaka na nusu, jina lilimpwaya kama nguo ya kuazima.

Baba yake, fundi rangi wa malipo ya kutwa, alikuwa amekwisha kuvaa ovaroli na kutia brashi mbili mfukoni.

"Leo zamu ya nani?" akauliza, ingawa alijua.

"Mimi nilikaa na kuharisha. Na vidonda. Wewe ulikaa na sikio tu."

"Sikio lilichukua siku mbili, Mama Kibonge. Lilipaswa kuhesabiwa mara mbili."

"Kwani ana masikio mangapi?"

"Sikia, mwenzangu. Nikikosa leo, kesho nitakuta mtu mwingine juu ya ngazi yangu."

"Na mimi nitakuta mtu mwingine mezani pangu."

Wakatazamana. Wote wawili walisema kweli, na tofauti ilikuwa ndogo tu: ngazi hupata mtu kwa saa moja, meza huchukua siku kadhaa. Fundi rangi alitoka bila kumaliza chai. Mama Kibonge alifungua mkoba wake, akatoa kitambulisho cha kazini alichokuwa amekwisha kukitia, akakitundika tena ukutani. Kituoni hawakupokea mtoto mwenye macho mekundu. Sheria ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa.

Mama Kibonge alikuwa mkaguzi katika karakana ya kushona sare za shule. Wanawake kumi na wanne walishona upande mmoja wa ukumbi. Yeye alisimama upande wa pili, mbele ya meza ndefu chini ya taa nyeupe, akipitisha vidole katika kila pindo, kila kola, kila tundu la kifungo. Pale karakana palikuwa na utaratibu wa zamani: kila mshonaji alikuwa na rangi yake ya uzi, na fungu lake la nguo alilifunga kwa uzi huo. Mkaguzi akikuta kosa hakuuliza maswali. Alifuata rangi mpaka kwa mwenyewe. Hapakuwa na mtu aliyempita kwa kufuata kosa mpaka lilikozaliwa. Washonaji walimwogopa kidogo, wakampenda kiasi.

Aliporudi kazini baada ya siku mbili, msimamizi alikuwa akimsubiri kando ya meza. Kwa kuwa hakuweza kusema maneno matatu bila kutazama mkono wake wa kushoto, wafanyakazi walimwita Bwana Saa.

"Siku tisa," akasema kwa sauti iliyofika mpaka cherehani ya mwisho. "Siku tisa katika miezi mitatu na nusu. Safari hii ni nini?"

"Macho, bwana."

"Yako?"

"Ya mtoto."

"Mara ile ilikuwa tumbo. Kabla ya tumbo, sikio. Kabla ya sikio, kifua. Huyo mtoto ana viungo vingapi?"

Cherehani zilinyamaza ili wenyewe wapate kucheka vizuri. Aliyecheka kuliko wote alikuwa yule mwanamke wa uzi wa kijani, ambaye juma lililopita tu Mama Kibonge alimrudishia suruali sita kwa siri bila kumtaja kwa mtu.

"Nisikilize vizuri," Bwana Saa akaendelea, safari hii kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Shule zinafunguliwa mwezi ujao. Leo ni tarehe saba. Ukikosa siku moja tena kabla ya mwezi huu kwisha, usijisumbue kuja kuniaga. Meza itakuwa na mtu."

Mama Kibonge aliitikia, akavuta fungu la kwanza. Siku nzima vidole vyake vilikagua kola, lakini kichwa chake kilihesabu siku zilizobaki.

Jumapili walikwenda kumwamkia mama mkwe, aliyeishi mtaa wa pili katika chumba kimoja na mumewe aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Mzee alilala kitandani karibu na dirisha. Bibi alimpokea mjukuu, akampima kwa mikono kama mtu anayenunua kuku, akaguna.

"Hamna kitu humu. Mmebaki na jina."

"Anapona, mama," fundi rangi akasema.

"Anapona leo, kesho anaanza jingine. Mimi nimezaa saba. Saba! Hakuna hata mmoja aliyepelekwa kulundikwa na watoto wa watu. Huko si kituo, ni gulio. Kila mtoto anakuja na bidhaa yake, wanabadilishana."

"Mama," Mama Kibonge akasema kwa upole, "nikiacha kazi tutakula nini? Rangi?"

"Rangi ya maji haina ladha," mumewe akaingilia. Hakuna aliyecheka.

"Ningemchukua mwenyewe," bibi akasema, na macho yake yakaenda kitandani. "Lakini nina mgonjwa wangu wa kugeuza kila baada ya saa mbili. Mikono ni hii miwili, mkwe wangu. Basi. Acha kazi, ulee."

Mama Kibonge aliutazama mkono wa mzee uliolala juu ya shuka, na mkono wa mama mkwe ulioupangusa bila hata kuutazama, akaona kwamba neno lile halikutoka katika ubaya.

Tabibu wa zahanati, aliyemwendea jioni baada ya kazi, alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alimchungulia Kibonge masikio, koo na macho, akamrudisha mapajani mwa mama yake.

"Mama, mtoto anayeanza kuchanganyika na wenzake kupata mafua mara nane, hata kumi kwa mwaka, si ajabu. Mwili wake unajifunza. Anakula, anacheza, anakojoa vizuri? Basi usijitese."

"Unajifunza mpaka lini, daktari? Mimi nina mpaka tarehe thelathini."

Tabibu aliinua kichwa. Mama Kibonge akamweleza habari ya meza na ya Bwana Saa, haraka haraka, kwa aibu ya mtu anayewachukulia wenziwe nafasi kwenye foleni.

"Hayo sina dawa yake," tabibu akasema. "Lakini hebu nikuulize. Haya macho wameugua wangapi huko?"

"Kumi na mmoja. Wako ishirini na wawili."

"Kwa muda gani?"

"Siku nne."

"Na vidonda vya mdomoni?"

"Vilipita vivyo hivyo. Kama moto."

Tabibu aliivua miwani, akaifuta kwa koti. "Mafua husafiri kwa hewa, huwezi kuyafungia mlango. Macho hupenda vitu: mikono, taulo, vitambaa. Huko wanachangia nini?"

Swali lile lilitoka naye nje. Lilimfuata njiani, likakaa naye jikoni, likasimama naye kesho yake mezani chini ya taa nyeupe. Kwa majuma mengi alikuwa akijiuliza amemkosea nani hata mtoto wake aandamwe hivi. Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa na swali la aina aliyoizoea, lenye mwanzo na mwisho, la kufuatwa kwa vidole. Hofu haikumtoka, lakini ilisogea kando ikaacha nafasi, na katika nafasi hiyo akajikuta ana hamu ya kujua.

Siku ya ukaguzi wa mitambo karakana ilifungwa mapema. Mama Kibonge hakwenda nyumbani. Alikwenda kituoni saa nzima kabla ya wakati.

Kituo kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye ua wa saruji. Aliyekiendesha aliitwa Mwalimu na wazazi wote, hata waliomzidi umri: mwanamke mrefu, mkavu, mwenye funguo kiunoni, asiyependa mzazi anayekuja kabla ya saa.

"Kuna nini, Mama Kibonge? Mbona mapema?"

"Nimetoka mapema, Mwalimu. Samahani, vikombe vyao vinakaa wapi?"

"Vikombe?"

"Na taulo. Na magodoro."

Mwalimu alimtazama toka utosini hadi vidoleni. "Umekuja kuchukua mtoto au kufanya ukaguzi?"

"Vyote viwili, ukiniruhusu."

Pengine Mwalimu alipenda jibu lisilozunguka. Alizungusha funguo, akamtembeza. Vikombe ishirini na viwili vilipangwa rafuni, kila kimoja na picha yake iliyochorwa kwa rangi ya mafuta: samaki, kiatu, jua, kitasa. Taulo zilining'inia kila moja kwenye msumari wake, chini ya picha ileile. Magodoro yalikuwa na picha pia. Mama Kibonge alinusa, akagusa, akahesabu. Hakuna kosa.

"Umeridhika?" Mwalimu akauliza, na sauti yake ilikuwa imejeruhiwa kidogo. "Mimi watoto wa watu siwachezei."

"Nimeona, Mwalimu. Nisamehe."

Alikuwa ameinama kuvaa viatu, uso umemwiva kwa haya, msaidizi wa Mwalimu alipopiga makofi kuwaita watoto waje kunywa uji. Watoto wakaja wakikimbiana. Msaidizi akavuta kapu kubwa la plastiki, akachota aproni za njano mbili mbili, akawavika kwa kadiri walivyofika. Aliyetangulia alivikwa ya juu. Makamasi ya mmoja yalipotiririka, msaidizi aliinua pindo la aproni ile, akampangusa pua, na kwa upande uliobaki akampangusa macho.

Mama Kibonge alibaki na kiatu kimoja mkononi.

Aproni zile alizishona yeye. Kituo hakikupokea watoto wadogo kama Kibonge. Mwalimu alimpokea kwa huruma, na Mama Kibonge, asiyependa kubaki na fadhila ya mtu, aliomba vipande vya kitambaa cha njano vilivyobaki karakana, akashona aproni ishirini na mbili kwa Jumamosi tatu. Zilikuwa sawa kiasi kwamba ukizipanga moja juu ya nyingine ungedhani ni moja nene. Alijivunia hilo kuliko yote. Moja tu ilimshinda: uzi ulikatika katikati ya pindo, na sindano ikaruka mishono mitatu. Hakuweza kumpa mtoto wa mtu kitu chenye kosa. Hiyo akamtengea wa kwake.

Akawapitia watoto kwa macho, pindo kwa pindo. Kibonge aliketi mwisho wa mkeka, amevaa aproni isiyo na dosari. Mishono mitatu iliyoruka ilikuwa kifuani pa binti wa kinyozi, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa ndiyo kwanza linaanza wekundu, akilitafuna pindo lile kwa utulivu kabisa.

Angeweza kuvaa kiatu cha pili akaondoka. Hakuna aliyejua habari ya mishono ile ila yeye. Mwalimu angeendelea kulaumu wazazi, wazazi wangeendelea kumlaumu Mwalimu, na jina lake lingebaki safi kama la mama aliyeleta aproni nzuri.

"Mwalimu," akaita. "Hizi zinafuliwa lini?"

"Ijumaa."

"Na siku nyingine?"

"Zinarudi kapuni. Si zote ni sawa?"

"Na kabla sijazileta, watoto walikuwa wakivaa nini?"

"Kila mmoja alikuja na kitambaa chake na kurudi nacho. Cha huyu maua, cha yule mistari. Vurugu tupu. Ulipotuletea hizi nikavipiga marufuku. Wazazi walifurahi, wakasema sasa tunafanana na kituo cha…" Mwalimu akavitazama vikombe vyenye picha, taulo zenye picha, kisha kapu.

"Kosa ni langu, Mwalimu," Mama Kibonge akasema.

"Kosa gani? Umeshona vibaya?"

"Nimeshona vizuri mno."

Mwalimu alivuta kigoda kidogo cha watoto akakikalia, magoti yakamfika kidevuni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Mama Kibonge akadhani analia.

"Nilimfokea mama wa huyu binti wa kinyozi wakati wa vidonda," Mwalimu akasema huku akijifuta machozi ya kicheko na ya uchungu pamoja. "Nilimwambia nyumba yake ni chafu! Kumbe uchafu naufuga mwenyewe, nauvika njano."

Kesho yake Mama Kibonge alimwendea Bwana Saa akaomba vibaki vya nyuzi vilivyotupwa chini ya cherehani.

"Vya nini?"

Alitaka kusema uongo mfupi, lakini uchovu ulimzuia. Akamweleza yote, amesimama wima, mikono nyuma, huku cherehani zikinyamaza moja moja. Alingoja kicheko. Bwana Saa aliinua mkono wake wa kushoto, akaukodolea macho, akaushusha bila kusoma saa.

"Kwa hiyo umelifuata kosa," akasema polepole, "ukalikuta kwako."

"Ndiyo, bwana."

"Chukua. Lakini tarehe ni ileile."

Yule mwanamke wa uzi wa kijani alikuwa wa kwanza kuinama. Kufikia saa ya kutoka, mfuko ulikuwa umejaa.

Karakana ilikuwa na rangi kumi na nne. Watoto walikuwa ishirini na wawili. Jumamosi mchana Mama Kibonge alitandika aproni kitandani, zote zimechemshwa na kukaushwa juani, akashona alama ya uzi kwenye kila shingo: kumi na nne za rangi moja, nane za rangi mbili zilizosokotwa pamoja. Kuanzia Jumatatu kila mzazi angerudi na ya mtoto wake jioni, aifue mwenyewe. Mwalimu alikuwa amekwisha kumwomba msamaha mama wa binti wa kinyozi, mbele ya wazazi wengine.

Mama mkwe alipita kuleta sahani aliyoazima, akakuta kazi inaendelea. Alikusudia kusimama mlangoni tu.

"Hii ya nani?"

"Ya mtoto wa dereva."

"Na hii bluu na nyeupe?"

"Ya binti wa kinyozi."

"Huyo aliyetafuna macho ya wenzake?" Bibi akakaa. Akachukua sindano, akaitunga uzi mara ya kwanza bila miwani, akamtazama mkwewe kuhakikisha ameonekana. "Na mjukuu wangu umempa ipi?"

"Nyekundu. Ileile yenye mishono iliyoruka."

"Si uirekebishe?"

"Hapana, mama. Hiyo ndiyo iliyosema."

Bibi alipitisha kidole chake juu ya pindo, akakikuta kipengo, akakirudia. Hakusema gulio tena siku hiyo.

Tarehe ishirini na nne, alfajiri, Kibonge aliamka na joto. Mama yake alimfungua macho kwa haraka ya mtu anayefungua barua ya mahakama: yalikuwa meupe, safi. Mdomo safi. Makamasi tu, na homa, na kikohozi kimoja cha kujaribu. Lakini sheria ya mlangoni haikupokea homa.

Fundi rangi aliweka brashi chini. "Leo zamu yangu. Ngazi na ipate mtu."

"Ikipata mtu, itamwachia lini?"

Walikuwa bado wanatazamana mlango ulipogongwa. Mama mkwe alikuwa njiani kuchota maji, ndoo mkononi. Alikuwa amesikia kikohozi kupitia dirishani.

"Macho?" akauliza, kama tabibu.

"Safi, mama. Ni mafua."

"Nipeni."

"Na mgonjwa wako?"

"Wangu hawezi kukimbia, na huyu leo hana nguvu za kukimbia. Nitawachunga chumba kimoja." Akamfunga mtoto mgongoni kabla hawajaafikiana. "Namweka upande wa mlango, mzee upande wa dirisha, na mikono nitanawa kila nikihama. Siku moja. Si mbili. Msinizoee."

Mama Kibonge aliingia karakana dakika mbili kabla ya kengele, nywele hazijachanwa. Bwana Saa alimwona, akatazama mkono wake wa kushoto, akageukia mambo mengine. Jioni alimkuta Kibonge ameketi sakafuni karibu na mlango, akimrushia babu yake kifuniko cha sufuria, na mzee akikifuata kwa macho, akiguna kila kilipoanguka. Homa ilikuwa imeshuka.

"Siku moja nilisema," mama mkwe akakumbusha. "Kesho ikirudi, tutasema tena."

Tarehe thelathini Mama Kibonge alikagua fungu lake la mwisho, akakunja kitambaa cha meza, akachukua mkoba. Bwana Saa alimsimamisha mlangoni.

"Umeacha mkasi mezani."

"Niuchukue?"

"Wa nini? Kesho utauhitaji." Akatazama saa yake kwa muda mrefu, kama mwenye haya. "Mjukuu wangu ameanza kituo juma lililopita. Leo ameamka na mafua. Huko wanavaa nini, sijui. Nitauliza."

Kituoni Mwalimu alikuwa amesimama dirishani, kidole mdomoni, akamwashiria aje taratibu. Uani, juu ya kizingiti, Kibonge na binti wa kinyozi walikuwa wamekaa bega kwa bega, aproni zao safi, uzi mwekundu shingoni pa mmoja na bluu na nyeupe shingoni pa mwenziwe. Kibonge alikuwa na kipande cha mkate kinywani. Alikitoa, kimelowa, akakigeuza kukitazama pande zote kwa makini ya mkaguzi, akakitia kinywani mwa rafiki yake. Rafiki alikitafuna, akafikiri, akakitoa, akamrudishia kilichobaki.

"Haya, mkaguzi," Mwalimu akanong'ona. "Hapo tutaweka uzi wa rangi gani?"

Mama Kibonge alicheka mpaka mkoba ukamteleza begani. Kisha akatoka uani, akambeba mwanawe, akaliweka shavu lake kwenye paji la uso wa mtoto. Lilikuwa na joto la kukimbia, au joto la jua, au jingine. Alijizuia kulipima mara ya pili, akachukua aproni ya kwenda kufua.